Kikombe cha Uani

Kumbakonam, Jumatatu

Mwanangu Vasantha,

Sisi wazima, ila mvua imetuharibia pilipili tulizoanika. Jana baba yako aliwafundisha wanafunzi wake kwamba vyote vilivyopo ni kitu kimoja, nyota hadi vumbi, mpaka wengine wakalia. Nikamuuliza mbele yao, "Baba Vasantha, mbona basi kikombe cha mkweo, mume wa binti yako, kinakaa uani mbali na vyetu, eti yeye ni wa tabaka la chini?" Usiku hakula.

Leo asubuhi nimemkuta baba yako uani anakunywa kahawa kwa kikombe kilekile, machozi yanamlengalenga. Nimekiosha nikakichanganya na vingine vya chuma jikoni, na sasa mimi mwenyewe sijui kipi ni kipi.

Njoo na mumeo.

Mama yako,
Kamakshi