Ng'ombe Wasiosimama Kula

Baba,

Shikamoo. Naamini maumivu ya goti yamepoa na mtama umekubali huko Bujora. Mimi mzima kabisa, ila ugali wa huku Botswana haujanizoea, wala mimi sijauzoea.

Katika barua yako ile kali uliniuliza, "Umewakimbia ng'ombe wangu ukalinde nini?" Haya, nakujibu. Ninalinda mpaka, Baba, tena nikiwa nimekaa kitini! Kuna vifaa vimefukiwa porini. Chochote kikikanyaga karibu, taa inawaka chumbani kwetu na kishindo kinasikika kwenye spika. Kazi yangu ni kusema anayepita ni nani, ili askari waende au wabaki.

Ila nilikuwa nimeharibu. Mara mbili niliwakurupusha askari, wakaenda wakakuta punda. Walinicheka hadi basi! Bosi wangu, mzee mwenye hasira za karibu, akaniambia, "Masanja, ukikosea ya tatu, unarudi kwenu."

Juzi mchana taa ikawaka. Bosi akasikiliza, akasema, "Ng'ombe tu hao, waache." Ni kweli, walikuwa ng'ombe. Lakini nilizidi kusikiliza hatua zao. Ng'ombe akiwa malishoni hupiga hatua mbili, akasimama, akang'oa nyasi. Hawa walikwenda moja kwa moja, mbiombio, hakuna kusimama. Nikasema, "Mzee, hawa hawali. Wanaswagwa."

Akanikazia macho. "Una uhakika?"

Baba, niliogopa! Nikasema ninao.

Askari wakawakuta wezi wawili na ng'ombe saba wa bibi mmoja mjane, karibu kabisa na mpaka. Jioni bibi mwenyewe alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akapiga vigelegele mlangoni mpaka bosi akakosa pa kuweka uso. Nilikunywa maziwa yale machozi yakanitoka, maana ladha ilikuwa ya kwetu kabisa.

Nisalimie mama sana. Dada wa duka la Mabatini mwambie kitenge chake nimeshanunua, aache kununa. Na mjomba fundi baiskeli wa Buhongwa naye asinisahau.

Basi, wamenipa fomu ya ajira ya kudumu. Kuna mahali wanauliza: nani alikufundisha kazi hii? Bosi alitegemea niandike chuo. Nimeandika jina lako.

Mwanao, mchunga ng'ombe wako,
Masanja