Madame wa Mine

Masika mujukuu wangu,

Hapa Kimemi tuko wazima. Unauliza kama bazungu ba mine, benye kuchimba zahabu, balikuwa babaya. Balikula zahabu yetu, ni kweli. Lakini nikuambie juu ya Madame, muzungu wa mine, jirani yetu.

Wakati wa vita benzake balikimbia, yeye akachelewa. Nikamuficha mu chumba ya maharagi. Basoda bakaingia na bunduki.

“Muzungu iko wapi?”

“Alienda.”

Palepale Madame akakohoa.

“Ni mama yangu,” nikasema. “Iko na kifua kikuu. Muingie mumuone.”

Bakaangaliana, bakatoka.

Nilipofungua, Madame akatoka. Tukashikana. Kesho yake akaenda upande wa Kanyabayonga. Hatukusikia habari yake tena. Kila Jumapili namuombeaka.

Koko yako