Chai Isiyo na Sukari

Njeri wangu,

Huku Kabazi tuko salama, ila ng'ombe wa mama yako ameruka ua tena. Umeuliza kama ni kisukari kinachonifanya ninywe chai bila sukari. Hapana.

Nikiwa msichana nilifanya kazi kwenye maabara ya profesa mmoja hapo Nakuru. Ukuta wa seli ya mti una matabaka membamba ajabu. Wiki tatu niliyatenganisha chini ya hadubini, nikiyaokota kwa brashi ndogo, ili profesa apime ni sukari gani zilizoyajenga. Siku moja akatoka chumbani mwake mbio. "Tabaka la nje lina sukari ambayo haijawahi kuonekana humo! Napigia Nairobi saa hii."

Brashi nilikuwa naichonga ncha kwa ulimi, kama mtu anayetunga uzi, tena nikitoka tu kunywa chai. Profesa akazungusha namba ya kwanza kwenye simu. Ya pili.

"Profesa, weka simu chini. Hiyo sukari ni ya chai yangu."

Aliniangalia mpaka nikajua nimefutwa kazi. Kisha akamwaga chupa zote za yale matabaka kwenye sinki, akanisukumia kipande kingine cha mti wa saiprasi.

"Anza upya. Hii kazi sasa siwezi kumpa mtu mwingine."

Chai ya saa nne ilipoletwa, nikaomba yangu isitiwe sukari. Mpaka leo.

Nyanya yako, Shosho