Kufuli la Bibi Harusi

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono kabla ya Ijumaa, maana furaha na hofu vimenijaa kifua kimoja. Nimeolewa juzijuzi tu na mwanamume ambaye nikimwona ametapakaa unga hadi kwenye nyusi nasahau nilikuwa nasema nini, namwita Asali naye ananiita Jua Langu, na tunafanya kazi pamoja katika kiwanda kidogo cha mikate cha baba yake, basi nikadhani dunia imenipa yote.

Kabla ya ndoa nilikwenda nchi za nje kwa mafunzo ya kazi, na mimi niliyekuwa nikiulizwa jina natazama vidole vya miguu nilirudi mtu mwingine, kwa sababu msimamizi wangu kule, mama mmoja asiyecheka, alinifundisha kwamba ukiona hatari unapaza sauti hata mbele ya bosi, na kwamba kila anayeingiza mkono ndani ya mashine anaifunga kwanza swichi kwa kufuli lake na ufunguo anautia mfukoni mwake, wala hakuna mwingine wa kulifungua. Nilipoaga alinizawadia kufuli jekundu, nalipenda karibu sawa na pete yangu.

Sasa wiki iliyopita Asali alikuwa ameingiza mkono hadi begani kwenye mashine ya kukandia, anakwangua unga uliogandia, nami nikaifunga swichi na kuuvaa ufunguo shingoni, mara baba mkwe akaingia, wateja wamejaa dirishani, hakumwona mwanawe nyuma ya mashine, akaenda moja kwa moja kwenye swichi.

"Nani kanifungia mashine yangu?"

"Mimi, baba. Mwanao anasafisha."

"Basi atoke, ulete ufunguo."

"Sikupi. Kule nilikosoma hata bosi hapewi."

Wafanyakazi wakachekea puani, mmoja akasema, "Mzee, umemwoza mwanao, umepata bosi!" Tangu siku hiyo baba mkwe haitikii hata shikamoo yangu. Ametamka mbele ya wote kwamba Ijumaa nimkabidhi kufuli na kuomba radhi, la sivyo nisikanyage tena kiwandani. Asali wangu ananibembeleza, "Omba tu yaishe, Jua Langu," na mimi nikifumba macho nauona ule mkono unaonishika kiunoni. Nikilitoa kufuli ni kama namtoa yeye, nikikataa nabomoa nyumba ambayo rangi haijakauka. Je, nimekua, au nimeota mapembe?

Bibi Harusi Mwenye Kufuli

*

Bibi Harusi,

Hongera ya ndoa, na hongera ya mkono wa mumeo, maana bila lile kufuli leo ungeniandikia barua nyingine kabisa. Umekua. Na mapembe yameota vilevile.

Mkwe wako nusura amkate mwanawe mwenyewe. Ungesema tu, "Baba, mkono wa mwanao umo ndani," angeganda palepale. Wewe ukamwambia anasafisha, kisha ukamtajia ulikosoma! Radhi ya ulimi unadaiwa. Kaiombe nyumbani kwake, kabla ya Ijumaa, si mbele ya hao wachekea puani. Ya kufuli usiombe.

Halafu kuna jambo umeliandika kwa mkono wako na hukulisikia. Anayeingiza mkono ndiye anayefunga, na ufunguo ni wake. Sasa ufunguo huo ulifuata nini shingoni mwako? Umembeba mumeo mgongoni kama mtoto mchanga, ndiyo maana anakwambia "omba yaishe" utadhani mkono uliokuwa mle ndani ni wa jirani. Uliyojifunza ugenini ukiyavaa peke yako ni pambo tu, mwanangu. Mpe naye akue.

Basi leo hii mkabidhi mumeo kufuli na ufunguo. Aende yeye kwa baba yake aseme, "Siingizi mkono tena bila hili." Wewe kanunue jingine jipya, umpelekee mkwe pamoja na radhi yako, kwani naye mikono anayo. Ijumaa ingia mikono mitupu. Akikufukuza hata hivyo, toka kwa heshima, kufuli litakuwa limebaki ndani.

Na Asali akikataa kulibeba, usinune wala usimwimbie mapenzi. Ushike ule mkono wake, umuulize kama bado anautaka, na usiuachie mpaka ajibu.