Mguu Wangu wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Tumefika Songea. Baridi ya hapa! Asma, mdogo wangu, kanifunika blanketi mbili, mguu bado barafu. Wa kulia tu – ndio wa cherehani, ndio unaolisha nyumba. Kule Tunduru nimemeza dawa za baridi yabisi tangu Ramadhani. Majirani wakasema nimekanyaga kitu. Mwanzoni shavu la mguu lilibana nikitembea, nikisimama linaachia. Sasa maumivu hayaachii hata nimelala. Na kidole gumba kimekuwa cheusi.

Jumanne, 10 Juni
Nimelazwa hospitali, nimeonwa na Dokta Gaudence wa upasuaji. Kijana, mpole – kaniamkia shikamoo! Hakuanza na kidole. Kaweka vidole vyake juu ya mguu, kafumba macho, akatafuta mapigo. Hakuna. Nyuma ya goti, hakuna. Kwenye kinena – yapo. Kisha presha ya mkono, halafu presha ya kifundo cha mguu! Sijawahi kuona. Ya mguu ndogo mno.
"Mama Chiku, hii si baridi yabisi. Mshipa wa damu umeziba pajani. Ni sukari."
Nikalia. Si kwa huzuni. Hatimaye ugonjwa una jina.
Nikauliza, mnakata? Kasema kidole hakiponi. Mguu wataupigania.

Alhamisi, 12 Juni
Picha ya mishipa imetoka. Damu inashuka vizuri, halafu kimya. Watachukua mshipa mwingine humo humo mguuni, wapitishe damu kando ya palipoziba. Kuna bingwa mgeni wiki hii, atasaidiana na Dokta. Bahati iliyoje! Asma katoa damu yake bila kuombwa. Jirani wa kitanda, Bi Walburga wa Peramiho – naye mguu – kasema ataniombea kwa Bikira Maria. Nikamwambia niombee, mama, dua zote zinapanda juu.

Ijumaa, 13 Juni
Leo. Sijala. Ya Rabi, mguu huu.

Jumapili, 15 Juni
Nipo! Mguu upo! Una joto!! Asma kaugusa akapiga kigelegele, Sista Tumpe kamkaripia huku anacheka. Sista kaweka kimashine chake juu ya mguu: shwaa, shwaa, shwaa. Damu yangu hiyo. Kidole hakipo. Haya, kwaheri kidole. Paja linawaka moto – liwake tu. Alhamdulillah.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeruhusiwa. Ningeruka, ila Bi Walburga jana kaambiwa mguu wake umeoza, sumu inapanda. Ukatwe chini ya goti, ama afe. Kagoma. Kageukia ukuta. Nimeona haya kufurahi mbele yake. Dokta kaniomba nizungumze naye, maana wao amekataa kuwasikiliza. Nimwambie nini mimi, wangu upo?
Nimekwenda kwa magongo, nikakaa kitandani kwake. Nikamvutia blanketi hadi begani.
Mwisho kauliza, kidole chako unakikumbuka?
Nikamwambia kweli: kinaniwasha, na hakipo.
Kacheka! Halafu kalia. Kasema atakubali, lakini kesho wakimpeleka asiwe peke yake. Wanawe wako mbali, hawajafika. Kashika ncha ya kanga yangu, hajaiachia. Naandika hapa hapa, pembeni yake.
Asma yuko mlangoni, mabegi begani, ananiita kwa mkono. Gari la Tunduru linaondoka. Namwonyesha mkono ulioshika kanga yangu: leo siondoki.
Hajaelewa. Anakuja –