Tiketi ya Mama, Farasi Namba Saba

Suk-yin, Baba analia chooni hospitalini. Baba yangu, shoga yangu!

Mama alimtuma amkatie tiketi ya kubeti ya dola kumi, mbio za farasi za kimataifa uwanja wa Sha Tin, farasi namba saba. Baba na daftari lake la mahesabu: "Anaanzia lango la kumi na nne, la nje kabisa? Huyo hashindi ng'o." Hakukata.

Kashinda. Namba saba kashinda!

Mama kaona kwenye televisheni ya wodi, kacheka, mara ya kwanza tangu daktari aseme dawa zimegoma. "Mzee, leo nimekuweza! Usiende kuchukua hela. Tiketi hiyo nizikwe nayo."

Baba kajipapasa mfukoni. Kajipapasa tena. "Nimeiacha nyumbani, mke wangu."

"Basi kailete. Nitajitahidi nikusubiri."