Damu Aliyoikataa kwa Ajili Yako

Kibugu, Embu
16 Machi 2025

Mpendwa Tata Wambeti, mama yangu mdogo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Lodwar? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia? Na wanafunzi wako, wanakusikia mwaka huu? Huku mvua imeanza, baridi inapenya hadi ndani ya blanketi, na Baba na kaka Gachoki wanachuma majani chai tangu alfajiri. Mimi ni mzima.

Mama yuko hai na anakula. Naanza na hilo ili usome yanayofuata kwa utulivu. Ningekupigia simu, lakini ameomba niandike, usije ukalazimika kujibu kabla hujafikiri.

Tangu Krismasi Mama alikuwa amegeuka mpenda gumzo. Tukipanda mlima kwenda kanisani alisimama kwa kila jirani, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, hata za kuku. Nilifurahi. Nilidhani kwamba baada ya miaka mitatu ya mashine ya kusafisha damu, ameanza kuchangamka. Kisha Jumapili moja nikamkuta kwenye lango la Mzee Nyamu, anasalimia, na lango lina kufuli. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ameshika ua, anatafuta pumzi. Nilipomshika mkono, kiganja hakikuwa na rangi.

Hospitalini tulielezwa kwamba damu yake imepungua sana. Mafigo yaliyokufa hayauambii tena mwili utengeneze damu, ndiyo maana huchomwa sindano ya kuiongeza akienda kwenye mashine. Sindano hizo zilikosekana kwa wiki kadhaa, naye hakutuambia. Moyo wake umefanya kazi ya mioyo miwili hadi umeanza kupanuka. Sindano zimerudi, lakini hufanya kazi polepole. Daktari alitaka aongezewe damu siku hiyo hiyo.

Mama akakataa.

Sikumwelewa, nikamkasirikia mbele ya wagonjwa wengine. Gachoki alikuwa amekwisha kunja mkono wa shati ili atoe damu. Mama akamwambia aushushe, misuli yenyewe ni ya kuinua kijiko. Kumbe aliwahi kuelezwa kwamba damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili kupigana na figo la kupewa. Tangu ulipojitolea kumpa lako, amekuwa akililinda.

"Mdogo wangu ameniwekea figo," akasema. "Siwezi kuliharibia njia."

"Mama, ukifa ukililinda, Tata atampa nani?"

Aligeukia dirisha. Nilijiona katili. Baadaye akamnyooshea muuguzi mkono aongezewe damu, na bila kunitazama akaniambia, "Basi wewe ndiye utakayemwandikia."

Ndiyo maana nakuandikia, Tata. Leo ameketi jikoni anachambua maharagwe, ananigombeza kwa jinsi nilivyoosha sufuria, na sauti yake inamfikia Baba shambani. Sijamjibu. Nataka aendelee.

Sitakuficha kitu. Vipimo vyako vya Aprili bado vipo, lakini sasa watapima pia kama mwili wake umejifunza kulikataa figo lako. Huenda umejifunza, huenda haukujifunza. Hakuna anayejua. Mimi ndiye niliyemsukuma, na ningemsukuma tena.

Nina ombi moja tu. Ukijibu, mwandikie yeye, si mimi. Anajifanya hasubiri. Usianze na habari ya figo. Mwambie kwanza kwamba umefurahi yuko hai, maana anadhani hilo peke yake halikutoshi.

Baba anakusalimu, na Gachoki pia, ambaye bado hajasahau kile kijiko. Nisalimie mwanao Adrian, umwambie binamu yake anamkumbuka kila mara. Mungu akutunze katika joto hilo, na akulete kwetu Aprili ukiwa na nguvu.

Wako akupendaye,
Wawira